Meno ya Ukuta Wetu wa Satwa

Mlinzi wa jengo letu hapa International City, Dubai, ni kijana wa Kikenya, mpole, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuomba radhi. Juzi alipanda mpaka mlangoni kwetu wakati nyumba imejaa watu waliokuja kwenye khitma ya Bibi. Akavua kofia, akatoa pole, kisha akabaki amesimama akiutazama mlango. Milango ya majengo haya hujifunga yenyewe kwa ajili ya hatari ya moto, na wetu ulikuwa wazi tangu asubuhi.

"Madam, samahani sana," akasema. "Najua mko na msiba. Lakini supavaiza akipata hii mlango iko wazi, ni mimi atafokea. Na hii mawe mmewekea hapa ni ya nini?"

"Si jiwe," nikamwambia. "Ni jino."

Maskini, alinitazama kama mtu anayejiuliza kama aite daktari. Nikamtilia kaimati kwenye sahani, nikamwomba aniachie mlango mpaka jioni. "Sawa, madam, jioni," akasema, akaondoka na sahani yake huku akiligeukia jino mara nyingine.

Simlaumu. Ukilitazama hivi hivi ni kipande cha saruji nyeupe kilichofubaa, kimo chake kama birika kubwa la chai, kina vingazi pande zote mbili vinavyopanda kukutana kwenye ncha. Baba alilileta usiku wa kuamkia khitma kutoka Maskati, kwenye buti la gari, pamoja na mikeka ya Bibi na sanduku lake. Akaliweka sakafuni jikoni kwangu. Nilipoinama nikalinusa. Nawaambia ukweli, lilikuwa halina harufu yoyote tena zaidi ya udi wa Bibi, lakini pua yangu ilishapata ilichokuwa inakitafuta: saruji mbichi na mafuta machafu ya gari, harufu ya kanzu ya kazi ya Baba nilipokuwa mdogo, mtaani Satwa.

Nyie mliokulia Satwa ile hamna haja ya kuelezwa. Nyumba za chini zenye ua, mafundi cherehani waliotundika magauni ya harusi mpaka nje barabarani, gereji zilizoacha madoa meusi kwenye mchanga, paka wanene kuliko watoto. Nyumba yetu ilikuwa ya kupanga, vyumba vichache vimezunguka ua, na geti la bati la kijani ambalo ndani yake lilikuwa na kimlango kidogo cha kupitia watu. Ndani tulikuwa Baba, Mama, mimi na Bibi, mama yake Baba, aliyekuja kutoka Unguja zamani kabla sijazaliwa. Mimi na Bibi tulilala chumba kimoja. Alikuwa akinisugua miguu kwa mafuta ya nazi mpaka nilale, na mpaka leo usingizi wangu unachelewa kama miguu ni mikavu.

Baba alikuwa fundi wa mapambo ya kuta. Arbabu wake, tajiri mmoja mwenye kampuni ndogo ya ujenzi, alimpa kibanda nyuma ya gereji, na humo Baba alikuwa akitengeneza meno ya ngome. Naam, meno ya ngome, yale yanayokaa juu ya kuta za majumba ya Jumeirah, moja jino moja pengo, kuzunguka uwanja mzima. Alikuwa na kalibu za mbao. Anazipaka mafuta machafu ili saruji isigandie mbao, anamimina, anazigongagonga pembeni povu litoke, anazifunika magunia yenye maji kwa sababu jua la huku linapasua kitu kabla hakijakauka. Kesho yake anageuza kalibu, anaipiga kwa kiganja, jino linatoka zima. Mimi nilikuwa nakaa juu ya ndoo nikingoja kile kipigo cha kiganja. Sijawahi kuona mazingaombwe yaliyoyashinda yale.

"Baba, kwa nini nyumba zina meno?" nikamuuliza siku moja. Na mimi mwenyewe wakati ule nilikuwa sina ya mbele, Bibi ananiita kibogoyo mchana kutwa.

"Ngome zote za zamani zilikuwa hivi," akasema huku akiendelea na mwiko wake. "Askari anajificha nyuma ya jino, anachungulia kwenye pengo, anapiga bunduki, anarudi kujificha. Adui yuko chini, haoni kitu."

Alichosahau kuniambia, kwa sababu kwake kilikuwa wazi kabisa, ni kwamba siku hizi yale ni mapambo tu. Mimi nikaelewa kuwa watu wa Jumeirah wana adui. Tena adui huyo lazima awe mkali, kwa vile Baba hapumziki kutengeneza meno. Na nyumba yetu, upande wa pili wa barabara, ukuta wake ulikuwa laini juu kama ufizi wangu.

Haukupita muda shule ikatupeleka kwenye ngome kongwe ya Bur Dubai. Wenzangu walitaka kuona mizinga na kununua barafu. Mimi nilikuwa kama mtu aliyekwenda kukagua. Nikaona matundu membamba ukutani, mapana ndani na finyu nje. Nikaona mnara wa duara usio na pembe ya mtu kujificha. Nikaona mlango mdogo ndani ya mlango mkubwa, na mwalimu akatueleza kuwa umefanywa mfupi makusudi ili anayeingia ainamishe kichwa kwanza, na aliye ndani amuwahi. Nikarudi nyumbani nimefurahi mno, maana kimlango kidogo tulikuwa nacho. Usiku wake, kwenye chakula, Baba akaongeza yake. Akasema ngome za bara kule Omani zina tundu juu ya mlango, na adui akikaribia wanammwagia asali ya tende iliyochemka, inanata mwilini haitoki.

"Bwana wee, unamtisha mtoto," Mama akasema.

"Hatishiki huyu. Mtazame macho."

Hakika sikutishika. Nilikuwa nafikiria tundu la bomba la zamani lililokuwa kwenye zege juu ya geti letu, ambalo mvua ikinyesha lilikuwa likivuja katikati ya vichwa vya wageni.

Msije mkadhani nilikuwa mtoto wa vita. Nilikuwa na sababu. Satwa nzima ilikuwa inanong'ona. Mama akienda dukani, anarudi na minong'ono. Jirani akija kuazima sufuria, analeta mingine. Neno lilikuwa moja: wanakuja. Wanakuja kupima, wakishapima wanaandika namba ukutani, na nyumba ikishaandikwa ndiyo basi, khalas, itavunjwa. Watu wazima walijua ni wapimaji wenye karatasi na kamba. Mimi niliyesikia nusu nusu nyuma ya pazia niliwaona wana farasi. Halafu siku moja nikamsikia Baba anamwambia Mama kwa sauti ya chini, "Tukitoka hapa tutapata flati ya chumba na ukumbi tu. Mama itabidi aende Maskati kwa Nassor." Ami Nassor ni kaka yake Baba. Nilirudi kitandani nikamshika Bibi mkono wakati amelala, na nikaukamata mpaka vidole vikaniuma. Tangu siku ile sikuwa na haja ya kuuliza adui anataka nini. Alikuwa anamtaka Bibi yangu.

Nikamwandama Baba. Asubuhi meno, jioni meno. Akaniambia ukuta si wetu, nikasema adui hajui. Akacheka, akakasirika, akacheka tena. Mwishowe Ijumaa moja baada ya sala akaja na pikapu ya arbabu imebeba meno yaliyoharibika: yenye nyufa, yaliyovunjika ncha, moja limepinda kama limelewa. Akakoroga jasi kwenye karai, akapanda ngazi, na mimi nikawa namwelekeza kutoka uani kama mhandisi. Bibi aliketi kwenye mkeka wake anachambua mchele na kutuchokoza.

"Hebu mtazame mwanangu," akasema. "Nimemsomesha, anamjengea kibogoyo mwenziwe meno ya bandia."

Yalipokamilika nikapanda kwenye ngazi ya kuendea tangi la maji, nikajibanza nyuma ya jino lililopinda na kuchungulia barabarani. Mwanamume aliyepita na baiskeli ya mkate hakuniona kabisa. Sijui kama nimewahi kujisikia salama vile tena, hata sasa nina mlinzi, kamera, na kadi ya kufungulia lifti.

Kilichobaki ikawa asali. Kila asubuhi Mama alikuwa akitupa mkate na asali ya tende, na mimi yangu nikawa naimimina kwenye kopo tupu la maziwa ya unga na kulificha chini ya kitanda. Nilikula mkate mkavu nikisema nimeshiba utamu. Ilikwenda vizuri mpaka sisimizi walipoijua njia. Siku hiyo nimetoka shule, nikamkuta Bibi ameketi sakafuni, miguu ameinyoosha, kopo liko mapajani.

"Hii ya nini, mwanangu?"

Nikamwambia yote: tundu, farasi, Maskati. Nilipofika Maskati nikalia kwa kelele kama mtoto mdogo zaidi ya nilivyokuwa. Bibi hakunicheka. Akanifuta makamasi kwa ncha ya kanga yake, akaanza kuwatoa sisimizi mmoja mmoja kwa kijiko.

"Kwa hivyo wanilinda mie?"

"Ndiyo."

"Basi kazi ya kuchemsha na kumwaga si ya mtoto, utaungua. Niachie mie. Siku wakija, mie mwenyewe ndo n'takayewamwagia."

"Wallahi, Bibi?"

"Usiniapishe kwa mambo ya jikoni. N'shakwambia."

Nikamwachia. Ningemwachia nani mwingine?

Walikuja asubuhi ya likizo, Baba yuko kazini. Hapakuwa na farasi. Alikuwepo mhandisi kijana wa Kiarabu, kanzu nyeupe inamng'aria, na wafanyakazi wake wawili, mmoja ameshika kamba ya kupimia na mwingine kopo la rangi ya kupuliza. Jua lilikuwa limeshaanza kuuma. Niliwaona kutoka nyuma ya jino langu, nikakimbilia jikoni nikipiga kelele: "Bibi, wamekuja! Chemsha!"

Bibi akachemsha. Namuona mpaka leo. Alikuwa ameumua unga wa kaimati tangu alfajiri kwa ajili yetu, na mafuta yalikuwa jikoni tayari. Kopo langu akalimimina lote kwenye kisufuria, asali ikaanza kutokota kwa mapovu makubwa meusi, na harufu yake tamu ya kuungua ikajaa ua mzima. Nikampisha njia ya ngazi. Akanipita. Akaenda mpaka getini, na badala ya kile kimlango kidogo cha kuinamisha vichwa, akaondoa komeo na kulifungua geti lote, pande zote mbili, kama vile linaingia gari la bwana harusi.

"Tafadhalu," akawaambia. "Karibuni, wanangu. Jua kali hili."

"Hapana, khala, tuna kazi," yule mhandisi akasema kwa Kiarabu, akimwita mama mdogo kwa adabu.

"Kazi itawangoja. Kaimati hazingoji."

Basi wakaketi kwenye mkeka, wote watatu, viatu wamevivua. Sisi Waunguja kaimati zetu tunazitia shira ya sukari. Watu wa huku wanazimwagia asali ya tende. Bibi aliwapa wageni kwa desturi yao. Akasimama mbele yao na kisufuria changu, na asali niliyoikosa kinywani siku zote zile akaimwaga juu ya kaimati, taratibu, mpaka tone la mwisho. Mwenye rangi alilamba vidole. Mhandisi aliuliza nani aliyeweka meno ukutani, Bibi akamjibu ni mwanawe fundi, naye akacheka vizuri, bila dharau. Kisha wakashukuru, wakanawa, wakapima kila kitu walichokuja kukipima, na wakati wa kutoka yule mwenye kopo akapuliza namba nyekundu kwenye ukuta wetu, chini kabisa ya lile jino lililopinda. Aliipuliza polepole, kama mtu anayeona haya.

Mimi nilikuwa nimesimama kwenye ngazi. Geti lilipofungwa nikampigia Bibi kelele.

"Uliniahidi utawamwagia!"

"Si nimemwaga?"

"Juu ya kaimati!"

"Njoo hapa."

Sikwenda. Akaja yeye, akaketi ngazi ya chini kwa taabu ya magoti yake, akasema akitazama ua, si mimi. "Kwetu Unguja mlango wetu ulikuwa wa mbao nzito, una misumari ya shaba mwili mzima, na makomeo kwa ndani. Usiku ule wa mapinduzi tuliyatia yote. Waliotaka kuingia waliingia, mwanangu. Tokea hapo sijaiamini milango. Hawa watoto wametumwa, wamekuja na njaa. Nyumba hii haijamrudisha mtu na njaa, na leo haitaanza."

Leo kila neno nalielewa. Siku ile nilielewa kitu kimoja tu, kwamba Bibi alikuwa na silaha mkononi na hakuitumia, na kwa hiyo anataka kwenda Maskati. Nilinuna. Nikahamia kulala chini, chumbani kwa Mama, miguu mikavu. Alinipikia vitumbua, sikula mbele yake. Nilikula jikoni nikiwa nimesimama. Alinichokoza kwa kuniita kamanda, sikucheka. Hasira ya mtoto ina subira ambayo mtu mzima hana.

Wiki ya kuhama Baba akapanda ngazi ile ile kuyatoa meno. Nilidhani atahitaji nyundo. Aliyapiga kwa kiganja tu, moja baada ya jingine, kama anavyoyatoa kwenye kalibu, na yakabanduka mazima na vumbi la jasi likamwagika. Yalikuwa yameshikiliwa na jasi tupu, bila saruji hata kidogo. Mwizi mwenye kifua angeyasukuma kwa pumzi.

"Hayakuwa na nguvu," nikamwambia.

"Hayakuwa na haja," Baba akasema. "Yalikuwa yako." Alikuwa amenipa mgongo, na sauti yake ilinifanya nisiulize zaidi.

Bibi akaomba apewe moja. Baba akamwambia, Mama, mzigo huo, gari la watu, utafanyia nini? Akajibu kuwa hajaulizwa ya kufanyia, ameomba jino. Akalifunga kwenye kanga. Siku Ami Nassor alipokuja kumchukua nilijifungia bafuni, nikafungua bomba lote ili nisisikie gari likiondoka, na nikalisikia. Flati tuliyohamia ilikuwa na dirisha moja linalotazama dirisha la mwenzake. Simu ya Maskati ikilia nilikuwa nasema nina kazi za shule. Mama alikuwa ananitazama tu, kisha anamwambia Bibi kwenye simu, "Yupo, mzima, anasoma," na mimi ninasikia kwa mbali ile sauti ikisema, "Basi msimsumbue."

Idi iliyofuata tukaenda. Safari ya milima na vituo vya mpakani, mimi nyuma nimeegemea kioo nikijiandaa kuwa mkali. Nyumba ya Ami Nassor ilikuwa mwisho wa mtaa, nyumba mpya, ya vigae, yenye kiyoyozi kila chumba. Tulifika adhuhuri, wakati hata paka wa Maskati wamejificha jua, na milango ya mtaa mzima imefungwa. Mmoja tu ulikuwa wazi. Ulikuwa wazi kabisa mpaka ukutani, na chini yake, likiuzuia usijifunge, lilikuwa lile jino lililopinda.

Ami Nassor alitoka kutupokea akifuta jasho. "Mtanisaidia nyie," akamwambia Baba kabla hata ya salamu. "Tokea aje, mlango huu haufungwi mpaka baada ya Isha. Nafunga mie, anakuja anafungua na hilo zege lake. Ukimuuliza, anasema kuna mtoto yuko njiani, asije akafika akakuta pamefungwa akadhani hatakiwi. Umeme wa AC wote unakwenda kupoza barabara."

Bibi alikuwa ukumbini kwenye mkeka wake, ametazama mlango. Hakuinuka, magoti hayakumruhusu tena. Nilisimama kizingitini, viatu mguuni, ukali wote niliokuja nao umenitoka. Chupa ya mafuta ya nazi ilikuwa pembeni yake.

"Umefika?" akaniuliza.

"Nimefika."

"Haya, lisukume hilo jino kwa mguu, tufunge mlango. Ami yako kanigombeza vya kutosha."